Mzee Aliyebaki Chumbani: Kisa cha Kua na Sanaa ya Kuogofya

Husimuliwa Mafia kwamba miji ya Kisimani na Kua ilikuwa na uhasama wa siku nyingi. Kisimani ilikuwa upande wa magharibi wa kisiwa kikuu, pale Rasi Kisimani, na sehemu kubwa ya mji huo imekwisha kuliwa na bahari. Kua ilikuwa Juani, ng'ambo ya Chole, na magofu yake yangali yamesimama kati ya mibuyu na vichaka: misikiti, makaburi, na kuta za jumba kubwa. Watu wa Kisimani, hadithi yasema, waliunda merikebu, wakawaalika watu wa Kua kwenye karamu ya kuishua. Karamu ilipopamba moto, wenyeji waliwakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani mfano wa magogo, na chombo kikakokotwa juu ya miili yao hadi majini.

Kua walinyamaza. Ikapita miaka saba, wengine husema minane. Kisha ukaja mwaliko wa harusi, na watu wa Kisimani wakavuka bahari kwenda kula. Walikaribishwa katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Wakala, wakanywa, wakachangamka. Wenyeji wakawa wanatoka, mmoja mmoja, kwa udhuru huu na ule, hata akabaki mzee mmoja tu wa Kua, akiwashughulisha wageni kwa mazungumzo. Naye alipokuwa akizungumza, mlango ulikuwa ukijengwa kwa mawe na chokaa, kimya kimya, kwa nje. Maiti, masimulizi yasema, wangali humo.

Aghalabu kisa hiki hutajwa kama habari ya kisasi, na hufupishwa kwa sentensi mbili: hawa waliwatenda wale, na wale wakalipiza. Kwa mwanahistoria huenda hilo latosha. Kwa mpenzi wa fasihi ni hasara kubwa, kwa kuwa kisa cha Kua, kikisimuliwa kwa ukamilifu wake, ni mojawapo ya mifano bora iliyopo katika pwani hii ya namna mtu anavyoweza kutiwa hofu kwa maneno matupu. Hamna jini humo, wala zimwi, wala damu katika nusu ya pili. Mna watu wanaokula, watu wanaotoka, na mzee anayezungumza. Msikilizaji hushikwa na baridi kwa sababu moja: amekwisha kuanza kuhesabu, ilhali wageni wa karamuni hawahesabu.

Jambo hili la kuhesabu linastahili kutazamwa kwa karibu, maana limeibuka upya, mbali sana na Juani, katika sanaa changa ambayo wapenzi wa ushairi huku kwetu hawajaipa nafasi katika mijadala yao. Nayo ni michezo ya masimulizi ya mezani. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi. Kila mmoja wa waliosalia hubeba mhusika wake. Msimulizi hueleza mahali na tukio, kisha huuliza: wafanya nini? Jibu la mchezaji huwa ndilo tendo la mhusika, na mara nyingi dadu huamua kama tendo hilo limefaulu. Mchezo wa kwanza wa aina hii kupata umaarufu, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, nao ulikuwa wa vita na hazina. Mwaka 1981 Sandy Petersen alitoa Call of Cthulhu, uliotokana na hadithi za H. P. Lovecraft, na hapo michezo hii ikaanza kutafuta kitu kigumu zaidi kuliko ushindi, yaani kumwogofya mtu mzima aliyekaa kitini, taa ikiwaka, na rafiki zake wako kando yake.

Ugumu wa kazi hiyo haufichiki. Msomaji wa riwaya yu peke yake, na mtazamaji wa sinema amefungwa gizani. Mchezaji wa mezani ana uhuru wa kusema lolote, hata la mzaha, na mzaha mmoja huua hofu ya saa nzima. Kwa hiyo wasimulizi wengi hukimbilia njia ya mkato. Hulirundikia zimwi macho, kucha na meno, wakadhani wingi wa viungo ni wingi wa kitisho. Matokeo yake huwa kinyume. Zimwi lililoelezwa ukucha kwa ukucha hugeuka mnyama, na mnyama akisha kupewa tarakimu za nguvu na za uhai, wachezaji huuliza tu watahitaji mishale mingapi. Wengine huweka muziki wa kutisha na milio ya mbwa mwitu. Mbwa mwitu wa Ulaya ana kazi gani Mafia? Usiku wa Juani una kaa wanaokwaruza majani makavu, una popo wakubwa wa Chole wanaopita juu kwa makundi baada ya magharibi, una maji yanayopiga chini ya matumbawe yaliyomomonyoka. Sauti isiyo ya mahali humkumbusha msikilizaji kwamba yumo mchezoni, na akikumbuka hilo, ametoka.

Petersen aligundua nusu ya dawa. Katika mchezo wake akili ya mhusika ina hesabu yake, na hesabu hiyo hupungua kila mhusika anapoona asiyostahili kuyaona. Kitisho kikahamishwa kutoka mwili wa zimwi na kuingizwa katika kupungua kwa mwanadamu. Hata hivyo hesabu ile imeandikwa karatasini. Ni habari inayosomwa, na mkono wa mchezaji hauisikii.

Nusu ya pili ilikuja mwaka 2005, na hapa mpenzi wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu. Epidiah Ravachol na Nathaniel Barmore walitoa mchezo uitwao Dread, jina lenye maana ya hofu kuu, wakatupa dadu zote. Mahali pake waliweka mnara wa vipande vya mbao, ule uliouzwa duniani kwa jina la Jenga. Jina hilo ni letu. Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa na kukulia Afrika, mwenye kujua Kiswahili tangu utotoni, aliutoa mchezo wa mnara mjini London mwaka 1983 na kuubatiza kwa kitenzi cha kujenga. Mnara una vipande 54, vitatu kwa kila safu, na mchezaji huchomoa kimoja kutoka chini na kukiweka juu. Katika Dread, kila mhusika anapotaka kutenda jambo la hatari, mchezaji wake huchomoa kipande. Asipotaka kuchomoa, aweza kukataa, lakini tendo lake limeshindikana. Mnara ukianguka mkononi mwake, mhusika wake ametoka katika hadithi, na aghalabu kutoka ni kufa.

Hebu msomaji aupime mnara huo kwa mizani ya karamu ya Kua. Vipande hutoka kimoja kimoja, kama wenyeji walivyotoka. Kila kinachotoka hakibadilishi kitu mara moja. Mnara ungali umesimama, karamu ingali inaendelea, mazungumzo hayajakatika. Lakini kila aliyepo anajua kwamba kilichosimama sasa si kile kilichosimama mwanzo. Tena vipande havitupwi bali hupandishwa juu, na kwa hiyo mnara unadhoofika kwa kadiri unavyojengwa. Kitenzi ni kilekile kilichowaua watu wa Kisimani. Wao hawakuchomwa wala hawakukatwa, walijengewa.

Stephen Dewey, mwaka 2015, aliirudia kanuni hiyo kwa moto. Mchezo wake, Ten Candles, huanza kwa mishumaa kumi iliyowashwa mezani. Dadu zikigoma, mshumaa mmoja huzimwa na tukio hufungwa. Wa mwisho ukizimika, wahusika wote hufa, na wachezaji wanalijua hilo tangu mwanzo. Kabla ya kuanza kila mchezaji hurekodi sauti ya mhusika wake akiacha ujumbe, na sauti hizo huchezwa gizani baada ya vifo. Kwa asili yake jambo hili si geni. Wajapani wa zama za Edo walikuwa na baraza la visa mia, ambapo kila kisa kikiisha taa moja ilizimwa, na wengine, yasemekana, walikatiza kwenye kisa cha tisini na tisa kwa kuogopa kitakachokuja taa ya mia ikizimika. Bibi aliyesimulia ngano mbele ya koroboi yenye mafuta kidogo alikuwa na mshumaa wake pia, ingawa hakuupanga yeye. Utambi ulipoanza kutoa moshi, watoto walijua hadithi lazima iishe, na haijulikani ni ipi itatangulia.

Ila kupungua peke yake hakutoshi. Mtu aweza kutazama mishumaa ikizimika asihisi kitu, ikiwa wanaokufa si wake. Kuna methali inayotumiwa kila siku katika mambo ya jamaa na majirani: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa kawaida hutolewa kama faraja. Mwenye kusikiliza kwa sikio la mtunzi ataona kwamba ni sentensi ya kutisha kupita kiasi, kwani yakiri kuwa zimwi litakula, na kwamba linakujua. Hofu kuu hutoka hapo. Waandishi wa Dread walilielewa hili bila kuijua methali. Kabla ya mchezo kila mchezaji hupewa karatasi ya maswali, na maswali yenyewe yamekwisha kumhukumu: kwa nini hukumpigia ndugu yako simu usiku ule? Uliificha wapi barua? Mchezaji hujibu kwa hiari yake, na kwa kujibu ameikabidhi kamba ambayo msimulizi atamvutia baadaye. Zimwi sasa linamjua.

Washairi wa pwani walikuwa na ujuzi huu zamani. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anausemesha moyo wake mwenyewe na kuuongoza mpaka Pate iliyokufa, katika nyumba zilizojaa taa na vicheko hapo awali, ambamo sasa mna popo, wadudu na giza. Utenzi huo husifiwa kwa mawaidha yake, na kwa haki. Lakini ukisomwa kama kazi ya kuogofya, kuna jambo moja la ajabu: sehemu ya magofu inatisha kuliko sehemu ya Jahannamu inayofuata. Moto una majina na ngazi zake, na msomaji huupokea kama elimu. Nyumba za Pate, kinyume chake, zinaingiwa kwa miguu. Mshairi anauliza, na moyo hauna jibu. Anaonyesha, na mwenye kuonyeshwa aliwahi kula pale. Aliyewahi kuingia jumba la Kua jioni, akapita kizingiti ambacho hakina mlango tena, anaujua mtindo huo kwa nyayo zake.

Nathari yetu ya karne ya 20 ilichukua njia nyingine. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale wa mwaka 1960, aliweka maiti penye mzimu, akaruhusu woga wa wanakijiji utambae kurasa nyingi, kisha akamleta Bwana Msa na kiko chake kuufukuza kwa hoja. Ni kazi yenye ustadi, na kicheko chake hakijazeeka. Lakini upelelezi ni adui wa kitisho. Kila swali linalojibiwa huwasha tena mshumaa uliokwisha kuzimwa. Said Ahmed Mohamed, miaka 40 na ushei baadaye, alikataa faraja hiyo. Katika Babu Alipofufuka, riwaya ya mwaka 2001, mzee aliyekufa anarudi kumwandama mkubwa mmoja wa serikali, naye anamwandama kwa sababu anamjua. Hakuna mpelelezi wa kumwondoa. Kwa mizani ya makala haya riwaya hii imekaa karibu zaidi na Kua kuliko ile ya kwanza, ingawa pengine haikukusudiwa kutisha.

Lipo swali ambalo msifu wa sanaa hii hana budi kulikabili. Hofu ikisha kuzalishwa, nani atairudisha kwake? Mwaka 1995 Pemba na baadaye Unguja zilikumbwa na Popobawa. Watu walilala nje ya nyumba zao kwa makundi, wakikesha kwa moto na mazungumzo. Mjini Zanzibar mtu mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye. Ukikitazama kisa hicho kwa jicho la ufundi, kilikuwa na kila kitu: kiumbe asiyeelezwa vizuri, mahali panapojulikana, kitanda cha mtu mwenyewe. Kilikuwa pia na kanuni ambayo hakuna mtunzi angethubutu kuibuni, kwani ilisemekana kwamba aliyetokewa lazima awasimulie wenzake, la sivyo atarudiwa. Hadithi iliyojilazimisha kusimuliwa! Kilichokosekana ni mlango. Hakuna aliyesema "paukwa," na kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba hadithi imeishia hapo.

Mfumo wa "paukwa, pakawa" hufundishwa shuleni kama pambo la kufungulia ngano. Si pambo. Ni mkataba. Msimulizi anaomba ruhusa ya kudanganya, na hadhira inampa kwa sauti. Katikati ya ngano wimbo wake hupokewa au haupokewi, na fanani anayesikia kiitikio kikififia anajua kwamba watoto wamelala au wameogopa kupita kiasi, naye hubadili mwendo. Michezo ya mezani ya Wamarekani, baada ya miaka mingi ya kuumizana, ilibidi ijitungie kitu kama hicho. Leo vikundi vingi huweka kadi yenye alama ya X katikati ya meza. Yeyote akiigusa, jambo linalosimuliwa huachwa papo hapo, bila kuulizwa sababu. Wapo wanaoicheka kadi hiyo kwa kuiona dalili ya udhaifu. Wanakosea. Mtu anayejua kwamba mlango haujajengwa ndiye anayekubali kushuka mpaka chumba cha chini.

Je, kisa cha Kua chaweza kuchezwa? Wapo watakaosema ni ukosefu wa adabu, kwa kuwa watoto waliolazwa mchangani ni wa watu, na uzao wa miji ile ungali visiwani. Pingamizi hili lina uzito, na mchezo wowote unaoanzia kwenye karamu ya harusi, na kuiacha merikebu kama utangulizi wa maneno mawili, unastahili kukataliwa. Ukiondoa merikebu, kinachobaki ni watu wabaya wa Kua na chumba cha ajabu, kitu cha kumsisimulia mgeni kabla ya chakula cha mchana. Historia yenyewe haikuwahurumia Kua: mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Bukini waliushambulia mji na kuuvunja. Magofu yana huzuni yake ya kutosha, hayahitaji kuongezewa vioja.

Basi mchezo ulio wa haki ungeanzia kwenye maswali. Wachezaji wawe wageni wa Kisimani, wote, na kabla ya kuketi kila mmoja ajibu kwa maandishi. Siku merikebu iliposhuliwa, wewe ulishika kamba ipi? Mtoto uliyemwona alikuwa na umri wa mwanao yupi? Miaka hii saba, nani umemsimulia? Kwa nini umekubali mwaliko? Swali hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na masimulizi ya kale hayaligusi. Watu waliofanya vile, walivukaje bahari kwenda kula kwa wale waliowafanyia? Walisahau? Walidhani wenzao wamesahau? Au palikuwapo mmoja chomboni aliyejua, akaenda? Mchezaji aliyejibu maswali hayo hatahitaji kuambiwa kwamba chumba kina unyevu.

Kisha karamu. Hapa msimulizi mbovu atatangaza: sasa ametoka wa tatu. Msimulizi mzuri hatatangaza kitu. Atawataja wenyeji kumi kwa majina mwanzoni, atawapa sauti, mmoja mcheshi, mmoja mwenye kikohozi, mmoja anayerudia kuuliza kama wali umetosha. Halafu atawaacha wapungue kwa kutotajwa. Kikohozi hakitasikika tena. Mchezaji mmoja atang'amua, na atasita kusema, kwa sababu kusema ni kukiri kwamba anajua wana sababu ya kutoka. Ukimya huo wa mchezaji ni mali kuliko milio yote ya mbwa mwitu. Mnara wa mbao waweza kuwapo mezani, au kandili yenye mafuta yaliyopimwa. Chochote kitafaa, mradi kipungue mbele ya macho na kisitajwe.

Na mzee? Katika simulizi ndiye pekee anayefanya kazi ya sanaa, naye hana jina. Haielezwi kama alichaguliwa au alijitolea, kama alikuwa na mjukuu chini ya ile merikebu, wala alikuwa akiwasimulia nini watu wale hata wasigeuke kutazama mlango. Masimulizi yaliyoenea hayamtoi humo. Nafasi yake isipewe mchezaji. Ni ya msimulizi mwenyewe, tangu bismillahi ya chakula, na kuanzia pale mwenyeji wa tisa anapoacha kutajwa asisimulie tena kwa sauti ya mtu wa nje. Aseme kama mzee tu, akijibu kila anachoulizwa, kwa upole, akiwakaribisha waendelee kula.